Siku Nilipomwandika Mzee Hamadi Kinyume

Wiki iliyopita walikuja kwangu Buhongwa wasichana wawili wanaosoma chuo pale Nyegezi. Mwalimu wao alikuwa amewatuma wakamtafute mtu aliyewahi kuandika hatimkato. Baada ya shikamoo na soda, mmoja wao akaniuliza kwa adabu kabisa kama hatimkato ni mtindo wa kusuka nywele. Sikucheka. Kazi yangu ilinifundisha kutocheka hata pale ambapo ukumbi mzima unagaragara.

Walipoondoka nikaona si haki kuwasimulia wawili tu. Haya ni yenu wote mnaoanza kazi za ofisini sasa hivi, mnaoweka simu mezani, mkabonyeza kitufe, kisha mkaendelea kutafuna karanga huku mkutano ukijirekodi wenyewe. Siwaonei wivu. Nyie mtu akikohoa, simu inakohoa naye. Sisi mtu akikohoa tulipata nafasi ya kupumua.

Hatimkato ni maandishi ya vijistari na mikunjo. Unaandika sauti, na vokali nyingi unaziruka, ili mkono uweze kukimbizana na mdomo wa mtu. Kijistari kilicholala chali ni k. Ukikiandika nusu ya urefu wake, kinasomeka kt. Kwa hiyo maneno mawili kama kuungana na kutengana, kwa mtu mwenye haraka, yanatofautiana kwa urefu wa punje moja ya mtama. Mwalimu wetu chuoni alitufanya tuandike k ndefu na k fupi mpaka vidole vikaota sugu. Tulimwona mkorofi. Nilikuja kumwelewa nikiwa na watoto wawili na miaka kumi na mitano kazini.

Nilikuwa mhazili katika ofisi moja ya serikali mjini Mwanza. Aliyenilea kikazi aliitwa Mzee Kamugisha, mtu wa Kagera, mwembamba, mwenye shati jeupe siku zote na Kiswahili ambacho ungedhani amekipiga pasi asubuhi. Alichonga penseli zake kwa wembe, sita kwa mkutano mmoja, akazipanga mfukoni ncha zikitazama juu. Alikuwa na masharti yake, na mengine nawapa bure. Jina la mtu liandike kwa herufi kamili, usiliachie hatimkato. Kwenye "si" na "ha" usiruke vokali hata kama mbingu zinaanguka, maana hapo ndipo ndiyo inapogeuka kuwa hapana. Chapa siku ileile, wakati sikio bado lina joto. Na sharti lake kubwa lilikuwa hili: usimsaidie mtu kusema.

Hilo la mwisho nililivunja mapema. Kulikuwa na bosi mmoja aliyesimama mbele ya wageni akataka kusema kwamba tutawahamasisha wananchi. Ulimi ukateleza, akasema tutawahamisha wananchi. Watu wa mbele wakatazamana, mmoja akauliza wanahamishwa kwenda wapi, nami nikaangua kicheko. Nilipotulia sentensi tatu zilikuwa zimenipita. Nikazitunga mwenyewe usiku kucha kichwani, asubuhi nikazichapa. Bosi alizisoma, akaita watu, akasema hii ndiyo hotuba niliyoitoa, mmesikia? Alizipenda kuliko za kwake. Nami, mjinga wa wakati ule, nikadhani nimegundua kipaji.

Sasa niwapeleke kwenye jambo lenyewe.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, kila kitu kilipofunguliwa kwa mpigo mmoja. Maduka tuliyozoea kuyakuta na rafu tupu yakajaa sabuni za kila rangi. Mitumba ikamwagwa barabarani. Kando ya ziwa viwanda vya minofu vikaanza kupeleka sangara Ulaya, sisi tukabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa, tukayakaanga na kujisifu kwamba utamu uko kwenye mfupa. Vyama vingi vikaruhusiwa, na midomo nayo ikafunguka. Na maofisini kukaanza orodha za kupunguza wafanyakazi. Hakuna aliyeziona, lakini kila mmoja alimjua mtu aliyemjua mtu aliyeziona.

Katika kufunguka huko likaibuka swali la Muungano. Tuwe na serikali moja, mbili au tatu? Au Zanzibar, iliyo ndogo, iachwe ishike njia yake? Watu waliliongelea kwenye foleni ya benki, nje ya kanisa, kwenye vibanda vya kahawa. Wakaja wajumbe kutoka Dar es Salaam kukusanya maoni ya wananchi, na ofisi yetu ikaombwa itoe waandishi wawili. Tukaenda mimi na Mzee Kamugisha.

Tulianzia Kisesa, kwenye uwanja wa shule. Niseme kwanza kwamba mimi ni Mkerewe, na kwetu l na r ni ndugu wanaoazimana nguo, kwa hiyo simcheki mtu. Wasukuma wa Kisesa nao ni hivyohivyo. Wakasimama mmoja baada ya mwingine wakisema kama ni hivyo basi tupige kula, na kula yenyewe iwe ya siri. Sikio langu la Ukerewe halikuona tatizo. Jioni nikachapa nakala nne kwa karatasi za kaboni: "Wananchi wa Kisesa wanaomba kula ya siri." Mzee Kamugisha akasoma, akavua miwani, akauliza kwa upole kama wananchi hawa wanawaficha chakula wake zao au wageni. Nilifuta neno hilo kwa kifutio mara nne, nakala moja baada ya nyingine, na karatasi ya tatu ikatoboka.

Pale Kisesa kulikuwa na mfugaji mmoja aliyetoa hoja ambayo wajumbe hawakuijibu. Alisema wao wakichanganya makundi mawili ya ng'ombe, kila mmoja anamjua wake kwa chapa. Shida ni ndama waliozaliwa baada ya kuchanganya. Akasema atakayetaka kutenganisha makundi aanze na hao. Akakaa. Mwenyekiti wa wajumbe, mzee mpole mwenye kikohozi kisichoisha, akamshukuru, akaandika kitu kwenye daftari lake mwenyewe.

Siku ya pili tulikuwa mjini, kwenye ukumbi. Na hapa lazima niwajulishe kwa Mzee Hamadi.

Mzee Hamadi alikuwa fundi saa. Meza yake ilikuwa chini ya upenu wa duka moja katikati ya mji, na kioo chake cha jicho alikivaa hata alipokuwa anakunywa chai. Alikuwa Mpemba. Alikuja Mwanza kijana, kumfuata mjomba wake aliyekuwa na duka la vitambaa. Mjomba akafariki, duka likafungwa, yeye akabaki. Akaoa Msukuma wa Magu, Milembe, ambaye sisi sote tulimwita Mama Zuhura kwa jina la binti yao mkubwa. Kila Jumamosi alikuja ofisini kwetu kusafisha mashine za kuchapa kwa brashi na mafuta ya taa. Alijua kwamba mashine yangu herufi e inapanda juu, akaniambia inapanda kwa sababu naipiga kwa hasira. Watu wakianza siasa mbele yake, yeye aliinama zaidi kwenye kazi. Miaka yote niliyomjua sikuwahi kumsikia akisema neno kuhusu kwao zaidi ya kulalamika kwamba huku bara hatujui kupika pweza. Nilimwambia pweza tutamtoa wapi ziwani, akasema hicho si kisingizio.

Basi asubuhi ile ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Akasimama bwana mmoja mwenye sauti ya mnada. Akasema Wazanzibari ni wachache, wana serikali yao, na bado wanakuja kuamua mambo yetu. Waende kwao, na meza yao ya saa wabebe. Watu wakacheka na kugeuka kutazama nyuma, maana Mzee Hamadi alikuwa amekaa safu ya mwisho na kila mtu alijua meza ya saa ni ya nani.

Mzee Hamadi akanyoosha mkono. Mwenyekiti akampa nafasi. Akasimama, akavua kofia yake, akaivaa tena. Alisema ametengeneza saa za watu wa mji huu kwa zaidi ya miaka ishirini na hajawahi kumtengenezea mtu saa ikasema uongo, kwa hiyo na leo atasema alilonalo. Kisha akasema maneno ambayo nayakumbuka yalivyo:

"Mimi ni Mpemba, na naona nchi hizi mbili ni bora kutengana, kwa heshima."

Ukumbi ukapiga kelele. Waliosema aende wakakasirika kwamba anakubali kwenda, sijui walitaka akatae. Wengine wakamwita msaliti. Yeye akaendelea kuongea, mimi nikamsikia nusunusu, mkono ukikimbizana na kelele, na Mwenyekiti akigonga meza. Alipomaliza akakaa akatazama mbele.

Mchana ule, mezani, nikafungua daftari. Wajumbe walitaka muhtasari, mstari mmoja au miwili kwa kila msemaji, ubandikwe ubaoni nje ya ukumbi ili wananchi wahakikishe. Nikafika kwa Mzee Hamadi. Kijistari changu cha k hakikuwa kirefu wala kifupi. Kilikuwa katikati.

Nisiwadanganye. Sikio langu lilijua alichosema. Lakini nilikaa pale nikamfikiria Mama Zuhura sokoni, nikafikiria lile bwana la mnada na rafiki zake, nikafikiria meza ile chini ya upenu ambayo mtu yeyote angeweza kuipindua kwa mguu. Nikajiambia mzee huyu ni mtu mzuri na amesema vibaya kwa sababu alichokozwa. Kipaji changu kile cha kusaidia watu kusema kikaamka. Nikachapa: "Bw. Hamadi, fundi saa, anaona nchi hizi mbili ni bora kuungana kwa heshima." Nikamwonyesha Mzee Kamugisha ukurasa, yeye akaangalia majina kama yameandikwa sawasawa, akaweka sahihi. Aliniamini.

Kesho yake asubuhi Mzee Hamadi alikuja ofisini. Haikuwa Jumamosi na hakuwa na sanduku la vifaa. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akakataa kiti.

"Bi Leokadia," akaniuliza, "mimi jana nilisema nini?"

Nikamwambia palikuwa na kelele. Akasema kelele zilikuwepo lakini yeye alikuwepo pia. Nikaanza kumweleza kwamba nilimfikiria yeye na familia, kwamba watu wana midomo moto siku hizi, kwamba ule mstari hautamdhuru mtu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na adabu hiyo, ya kumngoja mtu amalize kukosea.

Akasema tangu aje Mwanza ameitwa Mpemba kwa utani na kwa matusi, akanyamaza kwa sababu alikuwa na saa za watu mkononi. Mara moja tu katika maisha yake serikali imekuja kumuuliza anaonaje, akasimama mbele ya majirani zake akasema. Asubuhi amepita ubaoni, watu waliomzomea jana wanampiga begani wanamwambia kumbe mzee ulikuwa unatutania, umebadilika.

"Ungeniacha nichukiwe kwa langu," akasema, "kuliko kupendwa kwa lako."

Akatoka. Nilibaki nimeshika karatasi ya kaboni mpaka vidole vikawa vyeusi.

Vijana wangu, hapa mtu ana njia mbili, na ile ya kukaa kimya ilikuwa pana na ina kivuli. Wajumbe walikuwa wanaondoka mchana kwa meli kwenda Bukoba. Wiki ileile, ilisemekana, wakubwa walikuwa wanakusanya majina ya watu wa kupunguzwa, na mhazili aliyegeuza maneno ya mwananchi mbele ya wageni wa kitaifa ni jina linalojiandika lenyewe. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na mume aliyekuwa amekwisha kupunguzwa tayari, kiwanda cha nguo kiliposimama. Nikazunguka meza yangu labda mara tano. Kisha nikaenda kwa Mzee Kamugisha nikamwambia kila kitu, na nikamwonyesha kile kijistari.

Alikitazama muda mrefu. Nilingoja anifokee. Badala yake akaniuliza kama sikio lilisikia t. Nikasema lilisikia. Akachukua koti lake, akasema, "Basi twende, kabla hawajafunga masanduku."

Tuliwakuta Nyegezi, kwenye hosteli waliyofikia, wakinywa chai. Nikasimama mbele yao nikaeleza. Sikumtaja Mzee Kamugisha, lakini yeye akanikatiza akasema sahihi kwenye ukurasa ni yake na kosa la sahihi ni la mwenye sahihi. Mjumbe mmoja, bwana mnene aliyekuwa anapaka siagi, akasema hili ni jambo dogo, ni mstari mmoja kati ya mamia, na kwa kweli mstari huo umekaa vizuri ulivyo.

Mwenyekiti akakohoa, akafuta mdomo. "Umekaa vizuri kwa nani?" akauliza.

Bwana yule akarudi kwenye siagi yake. Mwenyekiti akasema mwandishi aliyekwisha kukosea hawezi kurekebisha kwa kukumbuka, aletwe msemaji mwenyewe aseme tena. Dereva wa pikapu ya ofisi akatumwa mjini.

Pikapu iliporudi, Mzee Hamadi alishuka upande wa abiria, na nyuma, kwenye bodi, akashuka Mama Zuhura, kanga mbili, uso umekaza. Kumbe yeye hakuwepo ukumbini. Habari ya mumewe alikuwa ameipata kwa majirani, kwanza ile ya kutengana, halafu ile ya ubaoni, na dereva alipofika alikuwa katikati ya kumuuliza mzee ni ipi ya kweli.

Nikapewa kiti na meza. Nikachonga penseli upya. Mzee Hamadi akarudia maneno yake, polepole kwa ajili yangu, nami nikaandika k fupi ambayo hata kipofu angeipapasa akaijua. Safari hii nilisikia na yale yaliyomezwa na kelele. Alisema hachukii Bara, Bara imempa mke na kazi. Lakini nchi ndogo ikiwa imefungwa na kubwa, kila inaponung'unika inaambiwa haina shukrani, na kila inaponyamaza inaambiwa imeridhika. Mdogo asiyeruhusiwa kutoka, alisema, huwezi kujua kama anakaa kwa kupenda. Waachane kwa heshima, kisha kama wanapendana watarudiana wakiwa wanatazamana usoni.

Mimi kwetu ni kisiwa. Baba yangu alikuwa akikosa mafuta ya taa Nansio kwa sababu meli haijaja, anasema Ukerewe ilikuwa na mtemi wake kabla Mwanza haijajua kuvaa viatu, na kwamba siku moja tutajitawala tena. Meli ikija alikuwa wa kwanza gatini. Nilikuwa nikimwona mchekeshaji. Nikiandika pale Nyegezi nikaanza kufikiri kwamba labda hakuwa anachekesha, au si kwa yote.

Mwenyekiti akamuuliza Mzee Hamadi kama ikitokea hivyo yeye atarudi Pemba.

"Hapana," akasema. "Itoke Zanzibar. Mimi sitoki."

Wajumbe wakacheka, hata yule wa siagi. Mimi na Mzee Kamugisha hatukucheka, tulikuwa kazini. Mzee Hamadi mwenyewe hakuona kichekesho. Akasema nchi ni jambo moja na nyumba ya mtu ni jambo jingine.

Hapo Mama Zuhura akasimama. Akasema na yeye aandikwe. Mwenyekiti akamwambia kwa upole kwamba mkutano wa Mwanza ulikwisha jana. Mama Zuhura akajibu kwamba kama umefunguliwa kwa mume wake basi uko wazi, na yeye ameshaingia. Mwenyekiti akanitazama, akaitikia kwa kichwa. Nikafungua ukurasa mpya.

"Mimi sitaki watengane," akasema Mama Zuhura. "Nimezaa watoto watatu na Mpemba. Siku mtakayoweka mpaka, Zuhura akienda kumsalimia bibi yake ataonyesha karatasi gani? Na huyu mzee atakaa kwangu kwa kibali cha nani?"

Mzee Hamadi alikuwa anatazama sakafu. "Kwa kibali chako," akasema.

"Sijakitoa," akasema Mama Zuhura, na akakaa.

Niliandika na hilo, mpaka leo sijui kama ilinipasa. Mwenyekiti alikohoa kwa muda mrefu kuliko kawaida. Nikachapa kwenye mashine ya hosteli, ambayo ilikosa herufi z, kwa hiyo kila Zanzibar niliijaza kwa kalamu. Mume akasoma akaweka sahihi. Mke akataka asomewe, akasomewa, akaniambia "sitaki" nimeandika ndogo mno. Nikachapa upya kwa herufi kubwa. Wajumbe wakachukua karatasi zao wakawahi meli.

Mnataka kujua matokeo. Mimi nilipata barua ya onyo, ambayo Mzee Kamugisha alisisitiza aiandike mwenyewe ili isiwe na makosa ya sarufi. Kwenye orodha ile sikuwemo. Niliingia kwenye nyingine, miaka kadhaa baadaye, kompyuta zilipofika na wahazili saba tukawa wawili, kisha hakuna. Nilifungua duka la kuchapa barua na kadi za harusi hapa Buhongwa, na nimesomesha watoto kwa hilo. Mzee Kamugisha alistaafu akarudi kwao kwenye migomba. Alinitumia kahawa kila mwaka mpaka alipofariki, na bahasha iliandikwa jina langu kwa herufi kamili.

Ubao wa ukumbini ulibadilishwa mstari. Wiki ile Mzee Hamadi alizomewa kidogo, bwana wa mnada akapita mbele ya meza yake na maneno yake. Baada ya mwezi saa ya bwana huyohuyo ikasimama, na fundi alikuwa mmoja tu. Akaipeleka. Mzee akaitengeneza vizuri kama za wengine wote. Kilichomwondoa mezani mwishowe si siasa, ni saa za plastiki kutoka nje, ambazo zikifa zinatupwa. Akahamia kwenye redio.

Maneno ya watu wale wawili yalifika wapi, sijui. Muungano mnauona, upo, na mjadala wake mnausikia, nao upo. Wale wasichana wa Nyegezi waliniuliza mimi nilikuwa upande gani. Nikawaambia katika mikutano yote ile niliyoandika, hao wawili ndio wa kwanza kuniuliza. Kisha nikawapa jibu langu. Nikiwafikiria watoto watatu wa Mama Zuhura, nasema nchi zibaki pamoja. Nikimkumbuka mzee aliyesimama safu ya mwisho, nasema mdogo aulizwe kwanza, na jibu lake liandikwe lilivyo hata kama linauma. Wasichana wakaandika hivyohivyo, nikiwaona, kwa kalamu, maana simu yao ilikuwa imeisha chaji.

Miaka michache baada ya mambo hayo nilipita nyumbani kwa Mzee Hamadi kupeleka redio yangu. Niliwakuta barazani, yeye na mkewe, wamekalia mkeka wanachambua dagaa, sinia moja katikati yao. Tukasalimiana, tukaongea habari za watoto. Zuhura alikuwa ameolewa Geita. Nikashindwa kujizuia, nikamuuliza Mama Zuhura kama lile jambo la Nyegezi walishakubaliana.

"Bado," akasema. Akaokota kijiwe kwenye dagaa akakitupa uani. "Yeye na lake, mimi na langu. Vuta mkeka ukae, dagaa ni wengi."